Boma, Mpira na Mchumba wa Yanga

Ukiitaja Bomang'ombe, wengi wanakumbuka nyama choma, njia ya Sanya Juu, au pale unapochepuka na mpenzi wako kwenda kuogelea Chemka. Kwangu mimi Boma ni mpira. Enzi za shule tulibanana watano kwenye redio moja ya mkulima, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zifike dakika ya 90. Simba na Yanga tulizijua kwa sauti ya mtangazaji tu, sura hapana.

Ndiyo maana mwaka 2019, Polisi Tanzania ilipopanda Ligi Kuu na kuutumia Uwanja wa Ushirika, Moshi, Boma nzima ilichangamka. Ni kama kilomita 25 tu, unadandia Hiace unafika.

Tatizo ni tiketi. Mechi moja ya Simba (uwanja siutaji) tulifika dirishani tukaambiwa zimekwisha. Hatua kumi pembeni, jamaa anazo bunda zima, bei mara mbili! Nikataka tugeuze. Mchumba wangu, Yanga wa kutupwa, akanivuta shati: "Mangi, lipa tuingie, nimekuja kuwazomea nyie." Nikalipa. Tukakaa mzunguko, jua la utosi, na alizomea kweli. Mahari nilipeleka mwaka huohuo.

Mwaka 2023 Polisi ikashuka daraja. Tukarudi banda umiza pale Boma, benchi la mbao, yeye jezi ya kijani, mimi nyekundu, na mlangoni hakuna wa kutulangua.