Namna tulivyotosha kutu ndani ya motokari ya Babu

Wenzetu wengi walituuliza juu ya nini tulirudi masomoni mwaka 2022 na mikono ya makovu na kucha zenye langi nyekundu. Tuliwajibu kwa mzaha tu. Leo sisi mapasa tuko mwaka wa mwisho, hatutakawia kutoka hapa, na tumeona vizuri kuandika mambo yote sawa vile yalivyokuwa, hata yale yanayotuletea haya.

Kwetu Bukavu, nyuma ya nyumba, kulikuwa Peugeot 404 chini ya mti wa avoka. Babu aliinunua mwaka 1976 kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Wakati ule Babu alikuwa infirmie, na ile motokari ilipeleka wagonjwa wengi na wake wengi wenye mimba. Kisha vita ikafika Bukavu, mwezi wa kumi mwaka 1996. Babu alijua askari wanachukua kila kitu chenye magurudumu. Usiku mmoja akatosha karbirateri na deliko, akatosha magurudumu yote ine, akaweka mwili wa motokari juu ya mawe. Askari walikuja, wakaangalia, wakacheka, wakaenda. Hivi motokari ikabaki. Lakini haikutembea tena. Sisi tulizaliwa tukaikuta vile, nyumba ya kuku. Kwetu mayai yalitoka ndani ya Peugeot.

Ule mwaka 2022 dada yetu mdogo alimaliza primeri. Masomo ya primeri ya serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inaomba minerval, na kitabu, na iniforme. Minerval yetu sisi wawili Mjomba aliahidi kulipa. Ya dada yetu haikuwa na mtu. Baba alikuwa mbali katika machimbo, na miezi ile hakutuma kitu. Siku moja Mama akaleta mtu wa kununua vyuma vya zamani. Akazunguka motokari, akaipiga teke, akasema dola 120. Babu akaingia nyumbani bila kusema neno, na jioni hakukula.

Tukamwambia Mama: «Mama, utupe hii vakansi kubwa. Tutaitengeneza, utaiuzisha bei nzuri.» Mama akajibu: «Ninyi? Hata baiskeli ya baba yenu mulishindwa.» Lakini akakubali mpaka mwisho wa mwezi wa nane.

Jirani yetu ni mekanisiye mzee, tunamwita Fundi. Yeye alitufundisha kazi, na malipo yake yalikuwa mayai. Siku ya kwanza hakutuacha tushike hata kle moja. Alituambia: «Mbele ya kutengeneza kitu, mujue ni kitu gani.» Akaanza kutufundisha. Hii 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Mashini yake ina silindri ine, inalala upande digrii 45, ndiyo maana kofia ya mbele ni ya chini. Vitesi vyake viko kando ya volani, si chini. Ilisifiwa sana katika shindano la Safari kule Kenya, Uganda na Tanzania: ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 motokari saba tu zilifika mwisho, zingine zote zilibaki ndani ya matope, na mara zote mbili ya kwanza ilikuwa 404. Tukaangalia ile nyumba ya kuku kwa macho mengine.

Kisha Fundi akatuambia neno moja ambalo tutalikumbuka mbele. «Kamyo iko na shasi, mwili unakaa juu yake sawa mtu juu ya kitanda. Hii haiko na shasi. Mwili wenyewe ndio mifupa. Chini hapa, katikati ya milango, ndipo inabeba watu. Kutu ikikula kwenye bawa la mbele, ni sura tu. Ikikula hapa, motokari inavunjika mgongo.»

Tukatosha kuku, tukatosha mavi ya kuku, hiyo peke yake ilitushika siku mbili. Kisha ilibaki kutafuta vyombo vile Babu alivyoficha. Magurudumu yalikuwa juu ya dari ya jiko, mipira imekauka na kupasuka. Lakini karbirateri na deliko Babu alikuwa amesahau. Miaka 26 si michache, na kichwa cha mzee kinachagua mambo yake. Tulichimba karibu ya choo, tukachimba karibu ya ndizi, Mama akatukemea juu ya mashimo. Siku ya yenga moja, tukitoka ibadani, Babu akasimama njiani na kusema: «Chini ya jiwe la kusagia la bibi yenu.» Tukakimbia na viatu vya yenga. Tukakuta bidoni ya maziwa ya unga, ndani yake karbirateri na deliko zimefungwa ndani ya kitambaa na grisi nyingi. Ziling'aa sawa jana. Pale tukafahamu somo la shimi kuliko ubaoni: kutu inaomba chuma, maji na hewa. Babu alifunga mlango wa maji na wa hewa, kutu ikakosa njia ya kuingia.

Mashini ilikuwa imeshikana. Fundi akatosha buji ine, akatia mafuta ya mazutu na ya mashini ndani ya kila silindri, akasema tungoje. Tulingoja siku kumi. Kila asubuhi tulitia manivela mbele na kujaribu kuzungusha. Hapana. Siku ya kumi na moja ikaenda kidogo, sawa mtu anayegeuka usingizini. Babu alikuwa mlangoni. Akasema tu: «Polepole.»

Kazi ya kutu ndiyo iliyotumaliza. Kutu ni kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inainua langi kama kidonda chenye usaha. Unapiga na nyundo ndogo, langi inaanguka, nyuma yake kuna unga mwekundu, na nyuma ya unga mara nyingine hakuna kitu, unaona majani ya chini. Tulitumia brosi ya chuma, papie ya emeri, kisha langi nyekundu ya kuzuia kutu. Tulifunga pua na kitambaa, lakini tulikohoa vilevile. Kiangazi kilitusaidia, kwa maana Bukavu katika masika, chuma ulichosafisha asubuhi kingekuwa chekundu tena jioni.

Juu ya mabawa na milango, pale palipokuwa matundu madogo, tulitia masitiki, tukasugua mpaka pakawa laini. Fundi alikubali. Lakini chini, katikati ya milango, upande wa shofere, tulikuta tundu la urefu wa mkono mzima. Fundi akasema pale panaomba toli mpya na mtu wa kuunga vyuma kwa moto. Tukaenda kumwuliza yule mtu, naye akaomba dola 60. Na tarehe ilikuwa 20 ya mwezi wa nane.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo haya yetu. Fundi alikuwa amesafiri kwa maziko ya ndugu yake. Sisi tukakata katoni, tukaisukuma ndani ya tundu, tukatia masitiki juu yake, makopo mawili mazima, tukasugua, tukapiga langi nyekundu, kisha langi nyeupe, kisha tukalaza kapeti. Hata sisi wenyewe tulipoangalia hatukuona kitu. Tukajiambia: mnunuzi atatengeneza mwenyewe nyuma. Tukajiambia tena: ni juu ya dada yetu. Mtu akitaka kufanya baya, sababu nzuri haikosi.

Siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa nane, mnunuzi akafika. Alikuwa papa mmoja mwenye heshima, na kofia. Fundi naye alikuwa amerudi usiku ule. Akatia batri ya kuazima, akapiga mashini. Ikakohoa mara tatu, moshi mweupe ukajaa lupango lote, kisha ikashika. Majirani wakapiga vigelegele. Babu akakaa ndani, kwa volani, mikono yake ikatetemeka, hatujui kama ni juu ya mashini ao juu ya machozi.

Yule papa akasema dola 700. Mama akafumba macho kwa furaha. Kisha mnunuzi akaanza kutueleza mipango yake: atapakia wamama wa soko, toka Walungu mpaka mjini, na mizigo yao ya kabichi na viazi. «Hata mke wangu atapanda humu kila kazi mbili na kazi tano,» akasema, na akaanza kuhesabu franga.

Tulitazamana. Mapasa hawahitaji maneno mengi. Mmoja wetu akaenda kuchukua sumaku ya redio iliyokufa, ile Fundi aliyotufundisha nayo, na mwingine akainua kapeti. Tukamwambia: «Papa, utusamehe, mbele ya kulipa uangalie hapa.» Tukaweka sumaku juu ya mlango, ikashika. Tukaiweka chini, katikati ya milango. Ikaanguka. Tukaiweka tena. Ikaanguka.

«Hii haiko chuma,» tukasema. «Ni masitiki na katoni. Ni sisi tulitia.»

Hakuna aliyesema neno. Yule papa akarudisha franga mfukoni, moja moja, akafunga kifungo. Hakututukana. Alisema: «Mukimaliza, munijulishe,» akaenda. Fundi aliangalia chini, hatukuweza kumwangalia. Lakini Mama! Alituuliza: «Mungekufa kama mungenyamaza dakika tano?» Na usiku dada yetu akasema kutoka kitandani kwake: «Sasa mimi nitaanza lini?» Mpaka leo hatujapata jibu zuri la lile swali. Kusema kweli hakukulipwa na sisi, kulilipwa na yeye.

Kazi moja iliyofuata tulikwenda kwa yule fundi wa kuunga vyuma, tukamwomba atupokee kwa kazi badala ya franga. Masomo yalianza, lakini kila nyuma ya saa sita, na siku nzima ya posho, tulikuwa kwake, tunasugua vyuma vya madirisha na milango. Majuma matatu. Makovu muliyoyaona ndiyo ya pale. Kisha akaja kwetu na vyombo vyake. Tulitosha masitiki yote, na katoni, na chuma kibovu mpaka tukafika kwenye chuma kizima, maana Fundi alisema moto haushiki juu ya kutu. Toli mpya tuliikata katika pipa la mafuta la litri 200, Fundi akaikunja kwa nyundo. Walipomaliza kuunga, tulimwaga mafuta machafu ya mashini ndani ya ile nafasi, ili maji yasipate tena mahali.

Yule papa akarudi. Mara hii alikuja na mekanisiye wake mwenyewe, na sumaku yake mwenyewe, haki yake. Walilala chini ya motokari nusu saa. Alitoa dola 650. Akasema zile 50 ni za mipira mipya. Mama akazichukua.

Dada yetu akaanza mwaka wa saba akiwa amechelewa majuma matano. Alikopa makaye za wenzake, akaandika usiku kwa mwanga wa simu, na katika mtihani wa kwanza matematiki yalimwangusha. Alipanda mwisho wa mwaka. Tunaandika hilo ili musifikiri kwamba mambo yalinyooka yote kwa sababu tulisema kweli. Yalinyooka polepole, na kwa jasho la mtu mwingine.

Babu alibaki na ile bidoni ya maziwa. Anawekamo miwani yake. Na motokari tunaiona mara nyingine tukiwa vakansi, inapita na wamama watano ao sita na kabichi juu mpaka inainama nyuma. Kila mara tunaangalia pale chini, katikati ya milango, upande wa shofere. Langi ya pale haifanani na ingine, ni nyeupe kuliko. Yule papa hakuipiga langi upya. Labda hakuona, labda aliacha kusudi. Sisi tunaiona toka mbali, na motokari ikipita tunaendelea na njia yetu.

Sisi mapasa wa mwaka wa mwisho