Benki Iliyogeuka Msikiti



Ndugu wasomaji, katika vikao vyetu mara nyingi husemwa kwamba mji wa Houston hauna cha kale. Maneno hayo yana sababu. Sheria ya hifadhi ya majengo ya mji huo ilipitishwa mwaka 1995 tu, na kwa miaka 15 mwenye mali aliyenyimwa kibali katika eneo la kihistoria aliweza kungoja siku 90, kisha akabomoa apendavyo. Mlango huo ulifungwa mwaka 2010. Hata hivyo kuna vilivyosalimika, na kimoja kinatuhusu sisi Waislamu hasa.

Kwa sisi tukaao Missouri City, njia ni nyepesi. Barabara ya 90A tuipitayo kila siku, ikiingia Houston huitwa South Main. Main hiyo hiyo ukiifuata itakufikisha hadi ukingo wa Buffalo Bayou, ulipoanzishwa mji mwaka 1836. Hatua chache kabla ya maji, penye mtaa wa Franklin, lipo jengo la mawe lenye nguzo nene za kimo kirefu, mfano wa hekalu la Wayunani. Ni kazi ya wasanifu Hedrick na Gottlieb, na lilijengwa mwaka 1928 kuwa makao ya Houston National Bank.

Wasanifu wa zama hizo walikuwa na makusudi. Mtu akileta akiba yake, yampasa aamini kwamba haitapotea. Basi benki zikavikwa sura ya ngome na hekalu, ili mawe yaseme yale ambayo karani hawezi kuyasema. Ukiingia ndani unajiona mdogo: kuta zimekwenda juu, na dari imepindwa kama tao, imepambwa kwa vigae vidogo vidogo vya rangi ya dhahabu.

Mwaka 1994 jengo hilo lilinunuliwa na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu ambaye mwaka huo huo aliiongoza timu ya Houston Rockets kutwaa ubingwa. Mwaka 2002 likafunguliwa kuwa Islamic Da'wah Center. Nyumba iliyojengwa kwa biashara ya riba ikawa nyumba ya kusujudu.

Watoto wetu walipolitazama kwa nje waliuliza: "Mnara uko wapi?" Jengo limo katika eneo la kihistoria la Main Street na Market Square, lililoingizwa katika orodha ya taifa mwaka 1983, na sura ya nje ya majengo ya hapo haibadilishwi bila ya kibali cha mji. Nguzo zimebaki zilivyokuwa. Tuliwajibu kwamba msikiti ni mahali pa kusujudia, na mnara ni pambo lake. Kisha tukasali Adhuhuri.

Tuliposimama safuni, jambo moja lilitustaajabisha. Waliopima viwanja vya mji mwaka 1836 hawakuzielekeza barabara kaskazini halisi. Walifuata mkondo wa maji, na Main Street ikaelekea upande wa kaskazini-mashariki. Nasi tukiwa Houston, kibla chetu ni kaskazini-mashariki. Wapimaji wale hawakutufikiria hata kidogo, lakini barabara yao ilikwisha kuinamia huko.

Safari ilitukumbusha kwetu. Pale Mji Mkongwe, Unguja, lipo jengo la tajiri Tharia Topan, lililokamilika mwaka 1894 na baadaye likawa zahanati. Lilichakaa hadi kukaribia kuanguka, likaokolewa katika miaka ya 1990 kwa kukarabatiwa na kupewa kazi mpya. Jirani yake, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na roho zikapotea. Mji Mkongwe ulikuwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa linalovuja.

Na wengi wetu tuna nyumba za urithi huko, Unguja, Lamu au Mombasa. Ndugu saba wamo miji saba, kila mmoja anamngoja mwenziwe, na mvua haimngoji mtu. Tumeona mgeni kutoka Lagos akiitunza benki ya watu wengine mpaka ikawa amana ya Waislamu. Sisi hatujakubaliana juu ya boriti za nyumba ya babu yetu.

Tunawahimiza mwende mkasali pale pamoja na watoto. Na mkirejea, kabla ya kuvua viatu, pigeni simu nyumbani muulize hali ya paa.

Wabillahi tawfiq.