Mahari Yangu Ilivyonifikisha Japani



Tangu nirudi Japani naulizwa maswali mawili: kiti cha daraja la biashara kikoje, na fedha nilipata wapi. Nitajibu yote mawili, ila naanza na la pili, kwa sababu wengi wenu ni maharusi watarajiwa na jambo hili linawahusu kabla hamjapakwa hina.

Niliolewa mwaka 2013. Mahari yangu ilitajwa kwa dhahabu, gramu 60: gramu 10 taslimu, 50 deni. Babu yangu ndiye aliyeshikilia iwe dhahabu. Alisema shilingi ni kama barafu mkononi, na mtoto wa watu halipwi kwa barafu. Wakati ule tuliona ni ukaidi wa uzee.

Siku ya tatu ya fungate, bado nanukia liwa, wakaja shangazi zangu wawili pamoja na somo yangu. Wakaniambia mwanamke mwema hamdai mumewe, bora nimsamehe lile deni ndoa iwe na baraka. Akaitwa mume wangu. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Nimesamehe." Wakapiga vigelegele. Mashoga zangu, sikusema kwa moyo. Nilisema kwa haya.

Miaka ikapita. Mume wangu anaendesha watalii kwa gari yake, Toyota Noah. Tulijenga, tukapata watoto wawili. Mwaka 2019 Mungu alinijaalia nikaenda Hija na mama yangu na kaka yangu. Mwaka 2020 ndege zikasimama kwa ajili ya korona, na Noah ikalala miezi chini ya mwembe ikiokota majani. Kila mwaka nikimuuliza yeye Hija yake lini, ananijibu, "Bado." Nilidhani ni uwezo.

Baada ya Ramadhani ya mwaka 2024 akaniwekea mkoba mdogo mapajani. Ndani mlikuwa na dhahabu, gramu 50 kamili, alizokuwa akinunua kidogo kidogo.

"Siwezi kwenda Hija na deni lako shingoni," akasema.

"Lakini nilisamehe."

"Ulisamehe mbele ya shangazi zako. Mimi niliuona uso wako."

Nililia mpaka watoto wakaja kuchungulia. Nilipopeleka ile dhahabu kwa sonara, nikamrehemu babu. Kwa shilingi ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili ya thamani yake ya siku ya nikaha. Ingekuwa mahari imetajwa kwa shilingi, ningepewa tarakimu ile ile ya mwaka 2013, na isingenunua nusu yake.

Sasa, kwa nini Japani? Ni kwa sababu ya ile Noah. Gari zetu nyingi hapa Unguja zinatoka huko zikiwa zimeshatumika, na mnajua zinavyosema. Ukiiwasha tu, sauti ya mwanamke inakuamkia kwa Kijapani. Miaka yote ile asubuhi ilipokuwa inatukuta pamoja garini tulikuwa tunabishana bibi yule anasema nini. Mimi nilidai anatuombea dua ya safari. Mume wangu alidai anamkumbusha kubadilisha oili. Na jingine ni treni: kisiwani kwetu reli ya mjini hadi Bububu imebaki hadithi ya wazee, na mimi nilikuwa sijapanda treni maishani mwangu.

Maneno hayakukosa. Wifi yangu aliniuliza kama nimeanza kulala juu ya noti. Wengine walisema hiyo ni israfu, ningetoa sadaka. Sadaka nilitoa kwanza, na faradhi yangu ya Hija nilikuwa nimeshaitimiza. Lakini swali la israfu nililiogopa kweli, na mpaka leo sijalimaliza. Nilichoamua ni hiki: kwenda tu, si kurudi, nitakaa kiti cha mbele kwa mahari yangu. Kurudi nitakaa nyuma kama watu wote.

Nikataka kumkatia na mume wangu. Akakataa katakata. "Sili mahari yako," akasema, akakata tiketi yake ya daraja la kawaida. Yeye ana kidaftari cha madeni, na kila kitu hukiandika humo. Hata viza zilipotupeleka Dar es Salaam, nauli ya boti aliigawa mara mbili.

Basi tukaondoka mwanzoni mwa Novemba kupitia Doha, mimi mbele, yeye nyuma.

Kiti kikoje? Kinalala chote kama kitanda, kina godoro na shuka. Ukikaa tu unaletewa sinia la glasi, kwa hiyo uliza kilichomo kabla ya kunywa. Chakula cha Kiislamu kiagize wakati wa kukata tiketi. Baibui langu halikumshughulisha mtu. Ukubwa wa raha ile ni faragha: nilivua mtandio nikajifunga upya bila ya kujikunyata.

Lakini usingizi haukuja. Ukiruka kuelekea mashariki alfajiri inakujia mbio, maana Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Nikatia udhu katika choo chembamba, nikaangalia kibla kwenye skrini, nikasali. Kisha nikachukua tende zangu nikaenda nyuma kumwangalia.

Nilimkuta macho makavu. Abiria wa pembeni, mzee wa watu, alikuwa amemlalia begani, naye anaogopa hata kujitikisa. Alikuwa amesali vivyo hivyo, amekaa. Nikamtilia tende mdomoni. Nikamwambia twende tubadilishane. Akaninong'oneza, "Rudi kwenye mahari yako ukalale."

Nikarudi. Nikalala chali kwenye kitanda changu cha angani, na ukweli niliona upweke.

Tokyo tulisali katika Tokyo Camii, msikiti uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki na kufunguliwa mwaka 2000. Kisha tukaelekea kaskazini, eneo la Tohoku. Pasi ya taifa zima ya siku 7 ilipanda bei Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 hadi 50,000, kwa hiyo tulichukua ya Tohoku peke yake: yen 30,000 kila mmoja, siku 5 mfululizo. Kila mtu alilipa yake.

Haya machache yatawafaa wenye nia. Vyoo vya Japani vina maji ya kustanji, tena ya uvuguvugu. Kwa hilo peke yake niliwaombea kheri. Mchuzi wa huko hutiwa pombe ya kupikia au supu ya nguruwe bila ya kuonekana, kwa hiyo tuliishi kwa wali, samaki wa kuchoma, mayai na matunda ya kaki. Kibla ambacho kwetu Unguja ni kaskazini, huko ni magharibi ikipinda kidogo kaskazini. Mwezi wa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na ukizubaa Adhuhuri na Alasiri zinakuponyoka. Sisi tulizikusanya na kuzipunguza kama wasafiri. Na maji ya moto ya chemchemi, ambayo wenyeji huoga pamoja bila ya nguo, usiyaogope: nyumba nyingi za wageni zina bafu la faragha la kukodi kwa saa, la mke na mume tu.

Mwenye nyumba tuliyofikia Aizu-Wakamatsu alikuwa bibi wa makamo anayejua Kiingereza kidogo. Mume wangu akamfungulia simu yake, amerekodi sauti ya Noah. Bibi akasikiliza mara mbili, akajiziba mdomo kwa kucheka. Akatueleza kwamba yule mwanamke anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa.

Miaka yote hiyo! Si dua, si oili. Ni deni la barabara. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Asubuhi yake, jua ndiyo linachomoza, tukapanda treni ya Tadami. Mwaka 2011 mvua kubwa zilivunja madaraja ya reli hiyo, na kipande cha kilomita 27.6 kikafa. Kilikaa hivyo miaka 11. Abiria wake ni wachache na matengenezo yana gharama, kwa hiyo ingekuwa rahisi kuiacha. Lakini wenyeji hawakukubali. Mkoa wa Fukushima ukaibeba njia yenyewe, kampuni ya reli ikaendesha treni, na tarehe 1 Oktoba 2022 ikafunguliwa tena.

Treni yenyewe ni ndogo, haina mbele wala nyuma ya matajiri. Tulikaa bega kwa bega. Kwetu vuli ni mvua. Kule ni majani. Milima yote ilikuwa na rangi ya hina iliyokolea, manjano, na ule wekundu wa karafuu zinazoiva, na chini yake mto umetulia unairudisha picha yote kama kioo. Kikongwe mmoja shambani alitupungia mkono. Tukampungia.

Hapo nikamwambia, "Mahari yangu haijaisha. Kilichobaki nakupa, kiwe cha Hija yako."

Hakujibu. Tukaingia katika tundu la mlima, tukatoka, tukaingia jingine. Kisha akauliza, "Unatoa, au unaona haya?"

"Nitazame usoni."

Akanitazama sana. Halafu akatoa kile kidaftari, akaandika tarehe, akaandika kiasi, na pale anapoandika *deni* akaandika *zawadi*. Tukala kaki zetu.

Maharusi wangu, haya ndiyo ninayowausia. Mahari ni haki yako. Itajwe kwa kitu kisichoyeyuka. Ukitaka kusamehe, samehe, ni kheri kubwa; lakini Sura An-Nisaa, aya ya 4, inataka ridhaa ya nafsi yako, na ridhaa haipatikani mbele ya vigelegele vya wengine. Ngoja mpaka uweze kumtazama mumeo usoni. Nami ningeulizwa leo kiti kipi kilikuwa kizuri zaidi, cha ndegeni au cha treni, nadhani mmeshanielewa.

Kurudi tulikaa nyuma wote wawili. Mara hii mimi ndiye niliyemlalia begani.

Shemeji alitupokea uwanja wa ndege na Noah. Mume wangu akashika usukani, akawasha, na bibi yetu akaanza maneno yake yale yale.

"Tumeshalipa, bibi," akamjibu. Tukaenda nyumbani kwa watoto.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye ridhaa. Wassalaam aleikum.