Sauti za Ngitili na Ukimya wa Zebaki

Jicho lina kope, sikio halina. Jicho likichoka hufumba, lakini sikio hupokea kila kinacholijia, cha kupendeza na cha kuchukiza, hata mwenyewe akiwa amelala. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufundisha Kiswahili na kuyapima maneno. Lakini miaka michache iliyopita yalinipata mambo ambayo maneno hayakuyatosha, nikajaribu kuyasema kwa muziki. Habari za jaribio hilo, na za kosa nililolitenda ndani yake, ndizo ninazotaka kumsimulia msomaji.

Nilizaliwa katika mkoa wa Shinyanga, nyumbani mwa wakulima wa pamba. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kulima. Kwa Wasukuma ngoma haikuwa mchezo wa jioni tu; ilikuwa chombo cha kazi kama jembe lenyewe. Wakulima walisimama safu moja, ngoma ikatoa mwendo, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na shamba ambalo lingemchosha mtu mmoja kwa siku nyingi likapungua machoni pake kama kivuli cha adhuhuri. Katika kazi ya namna hiyo ilizaliwa bugobogobo, ngoma ya majembe, nayo ikaingia katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo ushindani wao umejaza viwanja vya Usukumani tangu enzi za babu zetu.

Nchi yenyewe ilikuwa imechoka nilipokuwa mtoto. Miti ilikuwa imefyekwa kwanza ili kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, kuni na malisho. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi, zilikuwa karibu kusahauliwa, hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji miaka ya 1970. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI kwa kifupi, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Miche ilipandwa, lakini dawa iliyoponya zaidi haikuwa kupanda, ilikuwa kuacha. Ardhi ilifungwa, ng'ombe wakazuiwa, na visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa, na mradi ulipokwisha mwaka 2004 ilikadiriwa kwamba ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Nilitaka kutunga muziki usio na zeze wala marimba, ila sauti za nchi hiyo zilizonaswa na kupangwa. Yamkini msomaji atasema kuwa huo ni mzaha wa Ulaya. Sivyo. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alinasa sauti za sherehe ya zari, akazibadili kwa mitambo mpaka zikawa utungo mpya, na haya aliyafanya kabla Pierre Schaeffer hajatoa tungo zake za namna hiyo mjini Paris mwaka 1948. Katika siku zetu kijana wa Nairobi ajulikanaye kama KMRU, aliyetoa utungo wake uitwao Peel mwaka 2020, hutunga kwa sauti alizozinasa mwenyewe mahali anapoishi na anapopita. Basi nilianza nikiwa na watangulizi, tena Waafrika.

Kwa muda wa likizo mbili niliamka alfajiri na kukaa ndani ya ngitili. Nilinasa tetere, kware, upepo katika migunga, na kengele za ng'ombe waliokuwa wakisubiri nje ya mpaka. Kisha nilikwenda Geita, kwa sababu kaka yangu alikuwa huko. Bei ya pamba ilimvunja moyo, akaitundika ngoma ukutani, akaenda kutafuta dhahabu kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu.

Geita ina sauti nyingi. Kuna nyundo ndani ya maduara, kuna kamba inayolia juu ya gurudumu, kuna karasha linalosaga mawe tangu asubuhi mpaka usiku. Lakini niligundua jambo moja lililonishangaza: hapana mtu aliyeimba. Jembe husubiri mkono, na mkono husubiri wimbo. Karasha halimsubiri mtu. Niliona pia magogo yaliyoshushwa ili kuzuia kuta za maduara zisianguke. Kule kwetu tuliufunga msitu usikatwe. Huku msitu ulikuwa ukizikwa ungali umesimama.

Hata hivyo jambo baya kuliko yote halikuingia katika kinasa sauti changu. Mwaloni, zebaki huchanganywa na mchanga wa mawe yaliyosagwa, ikaikamata dhahabu. Kisha donge lake huchomwa, zebaki ikapaa kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna sauti wala harufu, nao huingia kifuani na kuidhuru mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ulifanywa kwa ajili ya madhara kama hayo. Kaka yangu alichoma madonge kwa miaka tisa bila kinga yoyote. Aliporudi nyumbani mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kushika kikombe kilichojaa. Daktari aliyempima aliitaja zebaki.

Hapa ndipo penye kosa langu. Nilimwomba kaka aiteremshe ngoma yake na kuipiga, nami ninase. Akakubali kwa upole. Mapigo yalikuja yakijikwaa, mengine mawili pahali pa moja, mengine hayakuja kabisa. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi. Nilijiambia kuwa nimeipata sauti ya zebaki, nikaiweka kuwa kilele cha utungo wangu, baada ya ndege na karasha.

Utungo ulipokwisha niliwasikilizisha mama na kaka. Mama aliuliza, "Anayepiga hivi ni nani?" Sikujibu. Kaka ndiye aliyejibu, bila hasira: "Ni mimi, mama." Kisha akanigeukia: "Mdogo wangu, nilipokuwa napiga vizuri hukuninasa hata siku moja. Nimevunjika, ndipo umeleta chombo."

Sikuwa na neno. Usiku ule niliyafuta mapigo yale, nikaacha pengo katika utungo, nikaenda zangu chuoni. Nilifikiri mambo mengi ya kujaza pengo hilo, na kila nililolifikiri lilikuwa wizi mwingine. Mwisho nikakumbuka visiki vya ngitili, nikaacha.

Likizo iliyofuata nilimkuta kaka chini ya mkwaju pamoja na mwanawe wa miaka kumi na moja. Mtoto alikuwa na ngoma. Kaka hakuigusa, aliyasema mapigo kwa kinywa, na mtoto akayafuata kwa mikono, akikosea, akisahihishwa, akirudia. Kinywa cha kaka hakikutetemeka. Kinasa sauti kilikuwa katika mkoba wangu, nami sikukitoa. Nilikaa nikasikiliza mpaka jua likaelekea kuchwa, na hapo kaka akaniita: "Mwalimu, leo chombo chako umekiacha wapi?"

Somo hilo la kinywa na mikono ndilo lililomo sasa katika pengo lile, pamoja na makosa ya mtoto na kicheko cha mama aliyekuwa akipepeta mtama karibu. Mwenye kutaka kutunga kwa sauti za nchi iliyoumia na ajifunze kwanza kungoja ruhusa ya walioumia. Maana jeraha nalo lina mwenyewe, na si kila kilichosikika ni mali ya aliyekisikia.