Karura: Msitu wa Kukimbia Wawili

Mnatafuta wikiendi isiyoanzia baa na kuishia kwenye runinga? Fungasheni raba, Nairobi ina msitu unaowasubiri.

Anayekimbia Dar anaijua hali. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, giza. Ukitoka saa moja, foleni imeshaanza na moshi wa daladala unaingia puani. Bodaboda anakupita karibu kukugusa kiwiko. Na kama wewe ni mwanamke unakimbia peke yako, kuna yale maneno ya vijiweni: "Oya sista, unakimbizwa na nani?" Unacheka ya nje, ndani umekasirika. Ndiyo maana wengi tumeishia kukimbia juu ya mashine, ndani ya chumba, tukitazama ukuta.

Sasa fikiria njia ya udongo mwekundu, miti pande zote mbili, hakuna gari, hakuna honi. Mbele yako kima wawili wanavuka njia bila haraka, kama wenye nyumba. Hapo si mbugani wala si kijijini. Ni Karura, ndani ya jiji la Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri.

MSITU ULIONUSURIKA

Karura ina ukubwa wa takriban hekta 1,000, na imekuwa hifadhi ya serikali tangu 1932. Lakini usidhani imebaki hapo kwa bahati. Miaka ya 1990 vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakasema hapana. Tarehe 8 Januari 1999 walifika na miche mkononi kupanda mti, wakavamiwa na kundi la wanaume. Profesa akapasuliwa kichwa. Alikwenda polisi kuandikisha taarifa, na akaitia saini kwa damu yake mwenyewe.

Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyu akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, msitu kubaki ni jambo moja, na watu kuingia ni jambo jingine. Kwa miaka mingi baada ya hapo Karura ilikuwa jina la kutisha. Wakazi wa Nairobi walipita pembeni yake na vioo vya gari vimefungwa, kwa sababu ya vibaka na mambo mabaya zaidi. Kilichobadilisha hali ni kazi ya pamoja. Chama cha Friends of Karura Forest kilishirikiana na idara ya misitu ya Kenya, uzio wa umeme ukawekwa, na vijana wa vitongoji jirani kama Huruma wakafunzwa kuwa walinzi. Leo utakutana na wasichana wanaokimbia humo peke yao, simu mfukoni, wala hawageuki nyuma kila dakika. Tuseme ukweli, ni miji mingapi yetu inayompa binti raha hiyo?

MPITIE WAPI?

Ndani kuna njia za zaidi ya kilometa 50, na kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba. Ukiwa na ramani huwezi kupotea kirahisi. Kwa wanaofika mara ya kwanza, nashauri hizi.

Njia ya maporomoko. Ingieni kwa geti la barabara ya Limuru, mteremke polepole kuelekea Mto Karura. Maporomoko yenyewe si ya kutisha kwa ukubwa, lakini sauti ya maji mnaisikia kabla ya kuyaona, na hewa inapoa ghafla. Karibu na hapo kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia miaka ya 1950. Simameni, pumueni, chungulieni ndani. Kurudi ni mlima, kwa hiyo msimalize nguvu zote mkiteremka.

Njia ya ziwa. Hii ni ya asubuhi ya taratibu. Kuna ziwa dogo lenye mayungiyungi, na ukinyamaza utasikia hondohondo juu ya miti. Mkibahatika mtawaona mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe kama wamevaa shali ya harusi.

Njia ya Sigiria. Hiki ni kipande kilicho ng'ambo ya barabara ya Limuru. Watu ni wachache na miti ya asili ni mingi. Kwingine Karura utaona mikaratusi mingi iliyopandwa kwa ajili ya mbao, ambayo inaondolewa kidogokidogo ili miti ya asili irudi. Ukipita Sigiria ndipo unapoelewa kwa nini wanahangaika hivyo. Kivuli chake ni kizito, na ardhi ni laini chini ya mguu.

KASI YAKO, KASI YAKE

Hapa ndipo wapenzi wengi hukosania. Mmoja ana pumzi za farasi, mwingine kilometa ya pili tu ameshika kiuno. Mwenye mbio anaona anacheleweshwa, mwenzake anaona anadhalilishwa. Wakirudi nyumbani wamenuniana, na raba zinawekwa uvunguni hadi mwaka mpya.

Dawa ipo. Nusu ya kwanza kimbieni pamoja kwa kasi ya aliye mzito, kasi ambayo mnaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ikiwa unamjibu mwenzako kwa neno mojamoja, punguza. Nusu ya pili kila mtu aende kwa kasi yake, mkutane kwenye kibao chenye namba mliyokubaliana. Aliyetangulia asubiri bila kutazama saa. Na tafadhali, usimfundishe mwenzako kukimbia huku mnakimbia! Hajaja kwa kocha, amekuja na wewe.

Kumbukeni pia kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mliotoka Pwani mtahisi kifua kinabana siku ya kwanza. Si ugonjwa, ni hewa nyepesi. Siku hiyo tembeeni tu, mbio zianze kesho yake.

Mambo madogo ya kuzingatia: bebeni chupa za maji za kujaza tena, kwa sababu tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika maeneo ya hifadhi. Bebeni kitambulisho au pasipoti, kwani kiingilio hutegemea uraia. Miezi ya mvua, hasa Aprili na Novemba, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni. Na jioni geti linafungwa, msijisahau huko ndani mkipiga picha.

NA SISI JE?

Ukishaionja Karura utajiuliza swali moja tu: kwa nini sisi hatuna? Jibu ni kwamba tunao. Pitia Gongo la Mboto, panda hadi Pugu na Kisarawe, utakuta misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, vilima, vijia, na mapango yaliyojaa popo. Ni misitu ya kale sana, na kwa miaka mingi imeliwa na mkaa na mashamba, mkaa uleule unaopikia majiko yetu ya mjini. Wengi tunaipita kwenye ramani tukienda mbali zaidi.

Karura inatufundisha kwamba msitu usio na wageni hauna wa kuupigia kelele siku panga linapoingia. Mtu aliyekimbia humo kila Jumamosi na mpenzi wake ataona mti mmoja ukikosekana, na atauliza.

Kwa hiyo nendeni Nairobi, mfurahie. Halafu Jumamosi moja ulizieni ofisi za misitu Kisarawe utaratibu wa kuingia, mchukue mwenyeji anayezijua njia, mwende watu wanne au sita. Chai na mihogo mtakula Kisarawe mkirudi, na atakayefika mwisho asilipe!