Kisiki cha goji, sehemu ya 4: Acha kukivuta

Mama mwenzangu, kisiki cha kwanza nilikiua mwenyewe. Goji ilijiotea uani kwa jirani yangu hapa Uingereza. Kwa ruhusa yake nikakichimba, nikakata matawi, nikakipanda kwenye changarawe. Halafu kila siku nakivuta, nione kama kimeshika. Mizizi michanga ikakatika. Kikafa.

Cha pili nilikifunga kamba kwenye chungu kisitikisike, nikawa namwagilia tu. Wiki ya tano chipukizi zikatoka kwenye gamba nililodhani limekufa! Kuwa bonsai bado miaka.

Wodini nakutana na mama wa siku ya pili analia: “Nesi, maziwa hayatoki.” Mara nyingi hujaa siku ya 2 hadi ya 4, dada. Endelea kunyonyesha. Nepi zikiwa kavu, tuambie mapema.