Kutazamwa Siko Kujuana

Nimeitazama pamoja na wanangu filamu ya matukio halisi iitwayo EXPO: Magic of the White City, ya mwaka 2005, inayosimulia maonesho ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893. Waliohudhuria walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 27.

Maonesho hayo yalikuwa na Mtaa wa Cairo, uliojengewa msikiti wenye mnara na kuletewa ngamia, punda na wacheza ngoma. Mtazamaji alilipa, akastaajabu, akaenda zake. Binti yangu akauliza: “Baba, wale watu wa Cairo waliulizwa lolote?”

Swali zito. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika mji huohuo, Bunge la Dini za Dunia lilimpa nafasi Alexander Russell Webb, Mmarekani aliyesilimu, naye akaueleza Uislamu kwa kauli yake mwenyewe. Mtaani Waislamu walitazamwa. Bungeni Mwislamu alisikilizwa.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, huwapokea wageni wanaoomba kupiga picha. Siwakatai, huwaomba kwanza waketi nasi mkekani, waulize, nasi tuwaulize. Picha huchukuliwa na mmoja, bali kujuana hutaka wawili.